Mama Rehema, Kinalia?

Baba, shikamoo.

Nimeisubiri hapa marahaba yako, mazoea tu. Arobaini yako imepita. Rehema amesimama dede juzi, ameshika fuawe lako la kufulia chuma, wala hakuanguka.

Naandika kwa sababu kuna neno nimelisema mbele za watu, na wewe ndiye uliyestahili kulisikia kwanza.

Unakumbuka niliporudi kutoka hospitali kumzaa Rehema, na mshono wa tumboni? Ukanitania pale bandani: "Mama Rehema, sasa umekuwa bomba la maji, una mshono. Usije ukajazwa baruti!" Nikacheka mpaka mshono ukauma. Ndivyo ulivyonifundisha chuma, kwa utani. Ulisema mtutu wa bunduki ya vita ya Mjerumani, ile watu wanayoikuta wakilima, hauna mshono. Ni chuma kizima kimetobolewa katikati, kimekula makaa kikashiba. Bomba ni bati nene limekunjwa likaungwa, na lina njaa, makaa limeonja tu. Ukiuweka mtutu kwenye grinda, cheche zinapasuka kama nyota. Za bomba zinakwenda ndefu, zinazimika. Na ukiugonga kwa nyundo ndogo, mtutu unalia, unalia mpaka unasahau kwamba uliugonga.

Siku ile Baba Shaibu amekuja kutoka Lupaso na gobole lake la kufukuzia nguruwe, na chuma cheusi cha kubadilishia mtutu, umeme ulikuwa umekatika. Tupa yako ya kupimia chuma ilishakwisha meno. Alisema kakikuta shambani kwa marehemu baba yake, kimeungua moto, kina kutu mpaka ndani. Mshono hauonekani. Ukakigonga, ukaniangalia mimi. Masikio yako nyundo ilishayala, tulijua wawili tu, na ulinikataza kumwambia mtu.

"Mama Rehema, kinalia?"

"Kinalia, Baba."

Sikusikiliza, Baba. Rehema alikuwa mgongoni, ana homa, anapiga kelele. Nilitaka umalize nikamnyonyeshe. Aliyekuwa analia ni Rehema.

Hukuwahi kumkabidhi mtu bunduki ambayo hujaifyatua mwenyewe. Ukakikata kile chuma, ukakifunga kwenye gobole, ukaenda nalo kule kwenye mikorosho. Mlio niliousikia haukuwa wa gobole. Nilikukuta umekaa chini, mkono wa kushoto umeishia kwenye kifundo, vidole viko kwenye majani makavu, na shingoni damu inaruka. Nikaziba kwa kanga ya kumbebea mtoto. Kanga yote, Baba. Ilikuwa ya moto, damu yako. Mdomo wako ulikuwa unakwenda, unaniambia kitu, na mimi safari hii nilisikiliza kwa masikio yangu yote, na hakuna neno lililotoka.

Mtutu ulichanika kwenye mshono, moja kwa moja, kama nguo.

Kaka Hamisi alipofika kutoka Tandahimba hakuuliza mengi. Kwake yeye Baba Shaibu ndiye aliyeua. Siku zote arobaini alinoa panga, na mimi nilimwona akinoa nikanyamaza. Siku ya dua yako Baba Shaibu akaja na jogoo mkononi. Kaka alimpiga ubapa wa panga usoni, meno mawili yakatoka, akamkanyaga kifuani mbele ya masufuria ya pilau.

"Ulimletea baba bomba, mshenzi wewe! Na mimi nakuchana hivyo hivyo!"

"Haki ya Mungu, mwanangu, sikujua! Nilidhani wa Mjerumani!"

Akaligeuza panga upande wa makali. Nikalidaka kwa kiganja. Ndiyo maana mwandiko wangu mbaya, naandika kwa mkono uliofungwa. Nikapiga kelele: "Ni mimi! Baba hakuwa anasikia, aliniuliza mimi kama kinalia, nikasema kinalia! Sikusikiliza!"

Watu wote wakasimama. Jogoo tu ndiye anakimbia. Kaka aliingia bandani, akachukua kile kipande kirefu ulichokikata kikabaki, akakiweka kwenye grinda. Umeme ulikuwepo. Cheche zikaenda ndefu, Baba, hakuna hata moja iliyopasuka. Akazima. Akaniuliza polepole: "Masikio ya baba yalikufa tangu lini?" Akaliacha panga pale chini, akatoka. Baba Shaibu nilimwosha damu mimi, kwa mkono mmoja.

Siku tano kaka hakunisemesha. Ya sita akaja na waya na koleo, akalifunga lile bomba lililobaki kwenye mfereji wa bati, likaelekea kwenye pipa la maji. Unajua shida ya maji yetu huku juu. Akasema, "Dada, lirudi kwenye kazi yake." Ameniita dada, Baba.

Jana mvua imenyesha. Nilimlaza Rehema kwanza, nikakaa chini ya bomba nikalisikiliza. Matone yakiligonga linalia kidogo tu, linakata. Hata mtoto angejua.

Nisamehe. Banda nitalifungua kidonda kikipona, kwa majembe na nyengo za kupogolea mikorosho tu, mitutu sitaigusa. Na mtu akiniuliza jambo, nitamwambia ngoja, nimtulize mtoto kwanza, halafu nitasikiliza, ndipo nimjibu.

Pumzika, Baba. Maji yamejaa pipa.

Mwanao,
Mama Rehema