Jina Lako Kwenye Kiwango cha Tatu

Rafiki yangu,

Kiti chako bado kipo pale dirishani, na wateja wakiingia hukiangalia kwanza kabla ya kunisalimia. Nachapa barua zao kwenye kompyuta yetu peke yangu. Umeme ukikatika sina wa kulalamika naye, nakaa tu. Majani ya chai uliyokuwa ukiletewa na shangazi yako wa Dindira yamekwisha, nakunywa haya ya dukani. Nimekukumbuka mno.

Programu yako bado inafanya kazi. Nilikucheka ulipoanza kuitengeneza. "Watu wanatuachia mambo yao humu," ulisema, "na yeyote akikaa hapa anayasoma." Ukaifundisha kompyuta ipekue kila barua inapohifadhiwa, itafute maneno tuliyoyachagua. Neno la kiwango cha kwanza, ipite. La pili, ituulize. La tatu, ifunge barua nzima kwa maandishi mekundu mpaka mmoja wetu aweke neno la siri.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya ng'ombe? Magonjwa uliyaweka kiwango cha tatu, idadi ya ng'ombe ukaiweka cha kwanza. "Si wanaonekana tu wakipita Mkata?" Mtoto wa mashamba ya mkonge wewe, ungejua nini! Nikakuambia baba yangu kule Handeni hajamtajia idadi ya mifugo yake hata ndugu yake wa tumbo moja, maana kwetu wafugaji kuwahesabu kwa sauti ni kuwatakia balaa. Ulicheka mpaka ukapaliwa, kisha ukawapandisha hadi cha tatu. Siku ile ndipo nilipojua nimepata rafiki.

Ulipofariki, jina lako likabaki humu. Uliliweka chini ya kila barua uliyochapa, maringo tu. Kila nikifungua ya zamani, hilo hapo. Na kwetu mtu akishazikwa, jina lake haliitwi tena. Basi nikaliingiza kwenye programu, kiwango cha tatu. Barua ulizochapa nikazihifadhi upya, zote zikajifunga, nikapumua.

Juzi mama yako alikuja kutoka Kilole nimchapie tangazo la arobaini yako. Nilichapa jina lako bila kulitazama, nikahifadhi. Kioo kikajaa wekundu: KIWANGO CHA TATU. IMEFUNGWA. Naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Wewe mwenyewe, kwa majivuno yako, ulishamweleza kwamba kiwango cha tatu ndicho cha magonjwa. Na unajua mji huu unavyonong'ona. Zilikuua figo, lakini siku hizi kijana akikonda akafa, nani anauliza habari za figo?

"Kumbe hata wewe unamwonea aibu mwanangu," akasema.

Nikamweleza mila yetu yote, maneno yakipandana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Kwenu mnanyamaza kwa heshima, mwanangu. Sisi huku, nikinyamaza mimi, watasema wao."

Nikaliondoa jina lako mbele yake. Sikulishusha kiwango cha pili wala cha kwanza, nililifuta kabisa. Tangazo likatoka, akaniomba nimsomee asikie kama limekaa sawa. Nilisoma vizuri tu mpaka nikafika kwenye jina, sauti ikagoma. Alinisubiri, maskini. Mwishowe akalisoma mwenyewe, taratibu, kama anayekuita uje ule. Akakunja karatasi yake, akaniaga, akaenda zake.

Tangu hapo sina raha. Barua zako zote zimefunguka, na jina lako lipo chini ya kila moja, halimdhuru mtu. Naogopa bado, sikufichi. Baba akisikia ninachotaka kufanya atanuna mwezi mzima. Lakini nimemwomba mama yako niwe mimi wa kusoma wasifu wako siku ya arobaini, pale Kilole, mbele ya wote, na hao wanaonong'ona wakiwemo. Amekubali. Nakuahidi nitalitaja jina lako kwa sauti ya kufika mpaka barabarani.

Leo nimefunga mlango mapema, nimekaa kwenye kiti chako, najizoeza. Mara ya kwanza lilitoka nusu, nikalia. Sasa hivi limetoka lote.

Ni mimi rafiki yako, Naserian. Lala salama, Zakaria.