Kaseti ya Chuma Kizito

Rhotia, Jumapili, Agosti 1989

Ukungu leo umekataa kuondoka. Ulishuka kutoka msituni alfajiri, ukakalia mashamba ya mbaazi mpaka watu walipotoka misa ya pili, na hata sasa, saa kumi na moja jioni, miti ya mpaka wa shamba langu naiona kama watu waliosimama wamejitanda mashuka. Nimevaa koti juu ya koti, na bado baridi inanifikia.

Mwili umechoka, lakini moyo una msukosuko ambao sikuujua tangu ujana. Nimesikia kitu leo. Nataka kukiandika kabla giza halijaingia.

Kwanza nikiri, maana bila hili mengine hayataeleweka.

Naweza kusema.

Tangu Kwaresima watu wa nyumba hii wanaamini kwamba daktari amenikataza kutoa sauti. Uvimbe wa koo ni wa kweli, na ndio utakaonimaliza. Daktari aliniambia bila kuzunguka, nami nikamshukuru kwa hilo. Lakini kuhusu kusema, aliniambia tu niseme kidogo kidogo, nisipaze. Mimi niliporudi nyumbani nilichukua kibao cha shule kilichobaki kutoka enzi zangu za ualimu, nikaandika: Daktari amenikataza kusema. Tangu siku hiyo chaki ndiyo ulimi wangu.

Sababu ni ndogo na ya aibu. Nilipomshukuru daktari nilijisikia mwenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa kama lango la zizi lenye bawaba mbovu. Mimi niliyefundisha kwaya ya parokia karibu maisha yangu yote, niliyekuwa nikiishika sauti ya tatu mpaka padri mgeni anageuka kutoka altareni kutazama ni nani. Nikasema moyoni, hii haitasikiwa na mtu.

Kwa hiyo nimekuwa nikizungumza na ng'ombe tu. Anaitwa Zawadi. Asubuhi nikimpelekea mabua namsalimia, namuuliza alivyolala. Yeye hakuwahi kunisikia kanisani, hana cha kulinganisha.

Ingekuwa ni kiburi cha mzee tu, ningekwenda nacho kaburini bila kumsumbua mtu. Lakini Jumamosi hii binti yangu wa mwisho, Martina, anaolewa. Sisi Wairaqw tuna slufay, yale maombi marefu ya baraka ambayo mzee huyatoa na waliopo wakamwitikia. Nimebatizwa, nimefundisha katekisimu, na bado siamini kwamba binti ametoka kweli nyumbani kwake kama baba yake hakumwombea kwa kinywa chake mwenyewe. Nami juma lililopita niliandika kibaoni: Mdogo wangu Akonaay ataomba kwa niaba yangu.

Martina alisoma, akakifuta kibao kwa kiganja, akarudi kuchambua maharage.

Ule ukimya wake nimelala nao siku zote hizi.

Sasa ya leo. Mchana alikuja Lohay, mwanangu wa kwanza, ambaye ni dereva wa watalii. Kazi yake ni kuwashusha kreta asubuhi na kuwapandisha jioni wakiwa wameungua pua. Njiani alimpa lifti rafiki yangu Koinet, Mmasai wa huko juu Ngorongoro. Tulijuana nilipofundisha kule nikiwa kijana. Wanawe wawili niliwafundisha kusoma, yeye mwenyewe akanifundisha kunywa maziwa yenye moshi wa kibuyu bila kukunja uso. Alikuja kutafuta mahindi na kuniona, alivyosema mlangoni, "kabla hujakauka kabisa, Mwalimu."

Koinet hajui kusoma. Hili sikulifikiria nilipoanza uongo wangu. Kila ninachotaka kumwambia lazima Martina asimame, asome kibao, arudi jikoni. Rafiki wa miaka mingi hivyo, na tunazungumza kama watu walio pande mbili za korongo.

Lohay alitoa kaseti mfukoni. Mtalii mmoja alimwachia wakati wa kuagana, akamwambia hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamume wa makamo, koti la ngozi lenye misumari, nywele mpaka kiunoni, mdomo wazi.

Koinet aliitazama picha muda mrefu. "Huyu ni morani," akasema. "Lakini uso ni wa mzee. Hana mama huko kwao wa kumnyoa?"

Kwao morani akiingia uzee mama yake humnyoa nywele zile ndefu, na ujana umekwisha. Lohay alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu wote watatu tukakosea, kila mmoja kwa elimu yake. Lohay aliona jalada limeandikwa solo, na kwa kuwa anapenda muziki wa dansi, alituhakikishia kwamba humo ni gitaa la solo tupu, kaseti nzima. Mimi nilisoma yale maneno mawili makubwa ya Kiingereza, heavy metal, na kama mwalimu nikayatafsiri kibaoni: Chuma kizito. Nikaongeza kwamba bila shaka ni matarumbeta, kama bendi ya wamisionari tuliyokuwa tukiisikia siku za sikukuu.

Martina aliposoma neno chuma, Koinet aliurudisha mkono wake haraka. Kwa Wamasai chuma kilichotoka kwa mhunzi hakishikwi hivi hivi, mkono hupakwa mafuta kwanza.

"Martina, mwanangu, niletee mafuta," akasema. "Nyimbo za wahunzi sizishiki na mkono mkavu."

Ilikuwa utani, lakini Martina alipoleta samli alijipaka kweli, kiganja chote, kisha ndipo akaichukua kaseti na kumpa Lohay. Betri za redio zilikuwa zimechoka, na jua la kuzianika hakuna, kwa hiyo zilikuwa zimewekwa karibu na mafiga zipate joto. Lohay alizitia zikiwa bado za moto.

Sijui niandikeje kilichofuata.

Gitaa lilianza kama trekta linalolima penye mawe. Nilinyoosha mkono Lohay alizime. Kisha yule mtu akaimba, na mkono wangu ukabaki hewani.

Nimepanga sauti za watu maisha yangu yote. Najua koo la binadamu linaanzia wapi na linaishia wapi. Huyu alianzia pale wasichana wangu wa sauti ya kwanza wanapoishia, akapanda, na alipofika juu, pale ambapo mtu mwingine angepunguza nguvu ili asidondoke, yeye aliongeza. Na kwenye sauti ile aliweka kutu. Kwa makusudi. Miaka yote niliwafundisha watu kuondoa kutu kooni, kumbe yupo anayeivaa kama vazi. Nywele za mikono yangu, zilizobaki, zilisimama.

Koinet alikuwa ameinama, sikio karibu na redio. Alisema maneno ya wimbo hayajui, lakini mngurumo ule wa kooni anaujua, ndio wa morani wakiimba, na huyu ni olaranyani, yule anayetangulia wimbo na wenzake wakamwitikia. Kisha akainua kichwa. "Lakini simsikii anayemwitikia. Rika lake liko wapi?"

Nilisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya jalada, herufi ndogo mno. Nikaandika kibaoni, na Martina akasoma: huyu mtu aliwahi kuimba na kikundi, akakiacha, na solo maana yake ni peke yake. Kaseti imekusanya nyimbo alizoimba peke yake, za tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, zimepangwa kwa kufuatana. Wimbo wa mwanzo na wa mwisho ni ule ule: mara ya kwanza akiwa kijana ndani ya chumba cha kurekodia, mara ya mwisho mbele ya watu, akiwa na umri wa kwenye picha.

"Maskini," alisema Koinet. "Olaranyani bila rika."

Tukaendelea kusikiliza, na hapo ndipo nilipoanza kusikia jambo ambalo nadhani mle chumbani nililisikia mimi tu. Mtu yule alikuwa akizeeka. Ndani ya kaseti moja, mbele ya masikio yangu, huku chai ikipoa. Katika wimbo wa nne au wa tano pumzi ilikuwa bado ndefu. Lohay alipogeuza upande wa pili, alikuwa anavuta pumzi katikati ya mstari. Mwanakwaya wangu akifanya hivyo nilikuwa namsimamisha. Kutu iliyokuwa vazi ikawa inamshika kweli. Nilitaka kumfunika shuka. Nilifikiri, nani amemfanyia ukatili huu, kuuweka uzee wake bega kwa bega na ujana wake na kuvisambaza dunia nzima mpaka Rhotia? Nikakumbuka jina lililoandikwa chini ya karatasi kama mchaguzi wa nyimbo. Ni yeye mwenyewe.

Ukafika wimbo wa mwisho. Trekta lile lile, mawe yale yale, ila sasa nyuma yake kulikuwa na kishindo cha watu wengi. Niliujua ulipo ule mlima wa sauti aliokuwa ameupanda mwanzoni. Nilishika mikono ya kiti.

Aliuendea. Hakuukwepa. Na sauti ilivunjika.

Ilivunjika wazi, kama kijiti. Angeweza kuchagua siku nyingine aliyoimba vizuri. Angeweza kuukata. Ameuacha. Na baada ya kuvunjika, hakunyamaza. Alishuka chini, kwenye sauti nene ya mzee, akaimba maneno yale yale huko chini, na wale watu, maelfu, wakapanda badala yake. Wakaufikisha mlima ule kwa vinywa vyao.

"Aaa," alisema Koinet, akaegemea kiti. "Wameitikia."

Kaseti ikaendelea kuzunguka bila kitu. Hakuna aliyeizima. Koinet alinitazama mimi, siyo redio. "Ni mtu yule yule, Mwalimu. Ng'ombe anazeeka, lakini alama uliyomkata kwenye sikio haizeeki. Ukimwona kisimani unamjua ni wako."

Martina alikuwa ameshaondoka kwenda jikoni kutazama maharage. Nikafungua mdomo.

"Martina."

Sikuipendezesha. Lango la zizi lilifunguka kama linavyofunguka.

Lohay alisimama na jalada tupu mkononi, hakukumbuka hata kuitoa kaseti. Kutoka jikoni Martina alijibu, "Abee, baba," kama alivyoniitikia kila siku ya maisha yake. Ndipo nikasikia mwiko ukianguka.

Alikuja akasimama mlangoni. Nilianza kumwambia kwamba daktari hakunikataza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya toba, lakini koo lilikuwa na nafasi ya machache, na hata hayo hakuyangoja.

"Najua, baba. Unamsalimia Zawadi kila asubuhi. Unamuuliza amelalaje. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta nakusikiliza."

"Hata mimi nilijua," alisema Lohay. "Kwenye nyumba hii aliyeitunza siri ni Zawadi peke yake."

Tulicheka. Kicheko changu kilikuwa kibaya kuliko maneno yangu, na hakuna aliyegeuza uso.

Martina hakucheka sana. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake. "Na Jumamosi?" akauliza.

Hapo nikaelewa ule ukimya wake. Hakuwa na hasira nami. Alikuwa anasubiri kuona kama ninamwona yeye ni wa chini kuliko ng'ombe.

"Nitakuombea mimi," nikamwambia.

"Naai," aliitikia Koinet kutoka kwenye kiti chake, lile neno wanaloitikia Wamasai mzee akitoa baraka, polepole, kana kwamba slufay imekwisha kuanza.

Martina alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Basi usiseme tena leo, baba. Itunze."

Wameondoka sasa, Koinet na magunia yake mawili, Lohay na gari lenye vumbi la kreta. Kaseti ameniachia, anasema yeye anarudi kwenye dansi. Bado inanuka samli. Kibao changu Martina amekichukua bila kuniomba ruhusa, amefunikia sufuria la maharage.

Nimekuwa nikijiuliza yule mtu alifikiri nini alipochagua wimbo ule uliovunjika uwe wa mwisho. Hajui kwamba kuna mahali panaitwa Rhotia. Hajui kwamba mzee aliyetafsiri muziki wake kama matarumbeta amekaa hapa na makoti mawili, akimstaajabia kuliko alivyowahi kumstaajabia askofu. Mimi nilidhani sauti ni kitu mtu anachopewa aringe nacho mpaka kiishe. Kumbe inapokwisha ndipo unapojua ni nani alikuwa akikusikiliza.

Sina hakika koo litafunguka Jumamosi. Siku nyingine halifunguki hata kwa uji.

Waimbaji wangu nilikuwa nikiwaambia: wimbo ukiwa unapanda sana, usiogope, anza chini, ubaki na pa kwenda. Ukishindwa, wenzako wapo.

Jumamosi nitaanza chini.