Mlango Uliokatwa kwa Kimo Changu

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nimesimama. Hapa chumbani kwangu Ijuganyondo meza ni fupi, nami siwezi kuiinamia, kwa hiyo nimeweka sanduku juu ya matofali, juu ya sanduku nimetandika gunia tupu la kahawa, na juu ya gunia karatasi. Ungeniona ungecheka. Ungesema mwanao amekuwa mchungaji bila kuwekewa mikono.

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikiongea nawe kichwani, asubuhi nikiteremka kwenda kazini na jioni nikipanda kurudi. Watu wa njiani wameanza kunitazama. Nikaona heri niyaandike.

Nianze na mlango wako. Msonge ule wa kijijini kwetu Izigo uliujenga mwenyewe kabla sijazaliwa, ukaufunga fito kwa fito, na mlango wake ukauacha chini kabisa, hata Mama akirudi na mtungi alikuwa anautua kwanza ndipo aingie. Ulikuwa ukisema milango mirefu ni ya Boma na ya maduka. Ulitufundisha kwamba mtoto akifika asimame nje, aseme yupo, angoje. Nawe ukiwa ndani kwenye kigoda chako ulikuwa unatuacha tungoje kidogo, kwa makusudi, najua, halafu ndipo unasema, "Nyegera." Karibu. Hapo tunainama na kuingia, na kitu cha kwanza tunachokiona ni miguu yako juu ya nyasi ambazo Mama ametandika asubuhi. Nilikuwa nazijua nyufa za visigino vyako kuliko nilivyoujua uso wako.

Siku magunia yaliponiangukia kule kwenye kiwanda cha kahawa sikulia. Yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, mimi niko chini na gunia langu begani, mara mstari mzima ukalala upande. Nilisikia kitu kikikatika nikadhani ni ubao. Kumbe ni mimi. Mengine unayajua: meli, hospitali ya ng'ambo kule Uganda, madaktari waliochukua kipande cha mfupa wa muundi wangu wakakipachika mgongoni ili pingili zishikane, halafu miezi ndani ya plasta kuanzia kwapani hadi nyongani. Sheria ya serikali ikasema kampuni inilipe fidia, nusu ya mshahara, mpaka daktari atakaposema nimepona. Majirani wakasema ninakula mgongo wangu mwenyewe. Maneno hayo yalinifikia hata ng'ambo.

Unakumbuka ulivyokuja kunipokea gatini Bukoba? Ulivaa kanzu yako ya Krismasi. Nilipokueleza habari ya ule mfupa ukanitazama mguu, ukanizunguka ukanitazama mgongo, ukasema, "Basi sasa ukikimbia, na mgongo nao utakimbia." Tulicheka mpaka askari wa gatini akatugeukia. Njia nzima kwenda Izigo nilisimama nyuma ya lori nimeshika chuma, na wewe uliyekuwa na nafasi ya kukaa mbele ukakataa, ukasimama pamoja nami, mzee mzima, vumbi lote la barabara likatuingia sote.

Tulipofika ukatangulia kuingia, ukakaa. Mimi nikasimama nje kama zamani. Nikasikia, "Nyegera, mwana wange."

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si madaktari, si mimi, wala wewe. Mgongo wangu haukuwa wa kupinda tena. Nilijaribu kuingia ubavuubavu, nikajaribu kinyumenyume. Mama akaanza kucheka, halafu akaacha. Mwisho nikapiga magoti, mgongo wima ndani ya mkanda wa ngozi na vyuma niliovalishwa plasta ilipotolewa, nikajikokota kwa magoti juu ya nyasi kuja ulipo. Kwetu mke ndiye anayepiga magoti kumsalimu mumewe. Mtoto wa kiume, mzaliwa wako wa kwanza, alikujia hivyo.

Ukainuka kabla sijakufikia. Ukasema bila kunitazama, "Sitaki kukuona tena ukiingia nyumbani kwangu hivyo." Ukachukua panga ukaenda migombani, na hatukukuona mpaka bitoke vya jioni, zile ndizi za kupika, vilipopoa.

Nililala ile nyumba ndogo ya wageni, yenye mlango wa mbao. Siku saba. Tulisalimiana uani, tukala uani, wala hukulisema tena jambo lile, nami sikuuliza. Sisi wawili hatukuwa hodari wa kuuliza. Nilijiambia kwamba umenitazama ukaona nusu mtu, na kwamba nyumba yako haina haja na nusu mtu. Karatasi ya daktari ilisema nipumzike miezi mitatu zaidi huku fidia ikiendelea. Siku ya nane nilipanda lori kurudi Bukoba.

Karani wa kiwanda aliisoma karatasi mara mbili. "Hapa wanasema bado unaumwa," akaniambia.

"Mimi ndiye ninayeumwa," nikamjibu. "Nakwambia siumwi tena."

Akanitazama, akasema, "Ukitia sahihi kwamba umerudi kwa hiari yako, fidia inasimama. Ukishindwa kesho, usije ukanilalamikia mimi."

Nikatia sahihi. Sikupewa magunia, Tata. Daktari wa hapa alisema gunia hapana, labda kazi nyepesi. Kazi nyepesi pale kiwandani ni moja tu, kuchambua. Nikawekwa kwenye ile meza ndefu ya wanawake, mwanamume peke yangu, natenga punje mbaya na nzuri. Nilipewa kigoda kirefu maana vile vyao nilishindwa kuvikalia. Mama Hadija, Mwislamu wa pale mjini ambaye amechambua tangu mashine zilipoletwa, alinitazama siku ya kwanza akasema, "Haya, wenzangu, leo tumepata mwanamume asiyetupigia kelele. Tumtunze." Walinitunza kweli. Lakini jioni hiyohiyo nilikuandikia barua nikasema, "Nimerudi kwenye kazi yangu." Nilijua utaelewa magunia. Nilitaka uelewe magunia.

Mwezi mmoja baadaye nikainua macho nikakuona umesimama kwenye mlango wa chumba cha kuchambulia, mkungu wa ndizi begani, fimbo ya unyasi mgumu, ndefu kunipita, mkononi. Wanawake wote wakageuka. Kitu cha kwanza nilichotaka ni kuinama nijifiche chini ya meza. Mgongo ulikataa. Nilibaki nimekaa wima, wa kwanza kuonekana katika meza nzima, punje zangu mkononi.

Uliwasalimu wao kwanza, mmoja mmoja. Kisha ukaja kwangu, ukachota punje kwenye rundo la mbaya, ukauliza, "Hii umeijuaje kuwa mbaya?"

Nikakuonyesha. Nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu. Ukazitazama kwa makini, ukazirudisha palepale kwenye rundo lake. "Kasinge," ukasema. Hongera. Nilidhani unanikejeli.

Nje ukanisimamisha ukutani. "Simama vizuri. Vua kofia." Ukaegemeza ule unyasi ubavuni mwangu, ukatoa kisu kidogo, ukaukata pengo usawa wa utosi wangu. Halafu ukafikiri, ukaweka kiganja juu ya lile pengo, ukakata jingine.

"Unanipimia nini, Tata?"

"Vaa kofia yako, kuna jua."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Ukaniachia ndizi ukaenda kutafuta lori. Nikasimama pale ukutani nikaamini kwamba unanipimia kaburi. Nilikuchukia, Tata. Nasema wazi, maana sasa hakuna wa kumficha. Ndizi zile niliwagawia wanawake wa mezani zote, sikuonja hata moja.

Kisha Jumanne moja dereva wa lori akaniletea neno la Mama. "Baba yako anakohoa vibaya. Anakuulizia."

Ningeweza kwenda siku hiyohiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kumfuata nyapara na kusema nina mgonjwa. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba mtu aliyetoka kwenye fidia anatazamwa, akikosa siku moja wanaandika kwamba hafai. Nikasema nitakwenda Jumamosi mchana kazi ikiisha. Jumatano nikachambua, Alhamisi nikachambua. Ijumaa nilichambua vizuri sana, nyapara akanisifu mbele ya wote. Ijumaa hiyo ndiyo uliyoondoka.

Jumamosi asubuhi dereva yule aliingia mpaka ndani ya chumba, na nilipoona ameshika kofia yake mkononi sikuhitaji aseme. Mama Hadija ndiye aliyenifungua vifungo vya aproni. Alipojua kwamba neno la ugonjwa lilinifikia Jumanne, alisema, "Sisi hapa tukiuguliwa tunamwambia nyapara tunakwenda, na anatuacha. Wewe ulikuwa unamwonyesha nani uzima wako?"

Nilikuwa nakuonyesha wewe.

Nilifika Izigo watu wamejaa uani. Nikapita katikati yao nikiwa nimeshaamua kwamba nitaingia kwa magoti, useme usiseme. Nikafika mlangoni, nikatazama, nikadhani nimepotea nyumba. Mlango ulikuwa mrefu. Zile fito za juu ulizozifunga kabla sijazaliwa zilikuwa zimekatwa, nyasi za paa zimepunguzwa na kufungwa upya kwa mkono ambao haukuwa na nguvu, kwa maana upande mmoja ulikuwa umepinda. Na pembeni, umefungwa kwa kamba ya mgomba, ulisimama ule unyasi wenye mapengo mawili.

Mama aliniambia baadaye. Ulikuwa umewaita mafundi wa kuezeka, wakakataa, wakasema msonge ukikatwa hapo utavuja na kuoza. Ukasema basi utaukata mwenyewe. Akakuuliza kwa nini usingoje mwanao apone kabisa. Ukamjibu kwamba umemwona mezani, amekaa wima, anafanya kazi yake, na kwamba huyo ndiye aliyepona. Akakuuliza habari ya pengo la pili. Ukasema ni la kofia.

Watu walikuwa wanaingia kukuaga, na kila mmoja aliinama mlangoni. Mlango ulikuwa juu ya vichwa vyao na bado waliinama, kwa mazoea, wazee kwa vijana. Mimi peke yangu niliingia nimesimama. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba mtoto wa mji hana adabu hata kwa maiti ya baba yake. Nilitamani kuinama kuliko nilivyopata kutamani kitu chochote. Na magoti nayo sikuyapiga, kwa sababu ulishanikataza na sasa nilijua kwa nini.

Tulipotoka kaburini baba mdogo akaniuliza mbele ya ukoo kazi yangu ya mjini ni ipi. Nikasema, "Nachambua kahawa, mezani, pamoja na wanawake." Hakuna aliyecheka. Labda wangecheka kama ningeonyesha kwamba naogopa kuchekwa.

Kuna jambo moja linaloninyima raha. Uliukata mlango ule mwanzo wa mvua. Kitanda chako kinatazamana nao. Nimemuuliza Mama kama kikohozi kilianza kabla au baada, anasema hakumbuki, halafu anainuka kwenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Sijamuuliza tena.

Baba mdogo anataka mlango ushushwe kabla paa halijaoza. Mama anasema hilo ni shauri langu. Mvua ikinyesha nataka ushushwe leo hii, jua likiwaka nashindwa kuwaita mafundi. Kiwandani nako wameleta barua: mwezi ujao daktari atanipima, aandike ni sehemu gani ya mwili wangu iliyopotea kwa kudumu, wamalize habari ya fidia. Nitakwenda apime. Wewe ulikwisha kunipima, na wewe hukuandika kilichopungua, uliongeza kiganja.

Sasa kila Jumamosi kazi ikiisha nakwenda Izigo. Wiki hii lori lilichelewa na mvua ilinikuta njiani. Nilifika nikasimama nje ya mlango, kofia kichwani, nikasema nipo. Nikangoja kidogo, kama ulivyozoea kutungojesha. Ndani palikuwa na kigoda chako, na nyasi mpya, na maji yakitiririka toka kizingitini mpaka karibu na kitanda. Sijui nilisimama muda gani. Mama akatoka jikoni na kipande cha gunia kichwani, akaniona.

"Ingia basi, mwanangu," akasema. "Mvua inaingia."

Basi niliingia, Tata. Ulale salama hapo migombani.

Mimi mwanao, mzaliwa wako wa kwanza.