Mtoto wa Ami

Jumatatu, 4 Agosti

Sijamwambia mtu: Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Bibi hajui. Kila siku baada ya laasiri namtafsiria kipande cha filamu moja ya zamani kwenye kompyuta. Kesi tupu, mahakamani mwanzo mpaka mwisho. Zamani ilikuwa mchezo wa jukwaani, ndiyo maana maneno mengi. Kijana ameshitakiwa kumuua tajiri yake. Msichana mmoja, shahidi, ameapa kuwa saa ile walikuwa pamoja. Ninapokwama, nazua. Bibi anaridhika. Naona aibu.

Jumatano, 6 Agosti

Tumemaliza. Kijana kaua kweli. Msichana kamdanganya hakimu. Mwisho wakakumbatiana, na si kwa salamu. Bibi akafunika uso kwa kanga. "Astaghfirullah. Kaka na dada?"

Kosa langu. Wakili alisema "cousin", mimi nikasema kaka. Kwetu watoto wa ndugu si tunaitana hivyo hivyo? Nikamwambia wanaagana tu. Kakasirika na filamu nzima. Haelewi kwa nini mtoto wa watu kaapa uongo, hata kwa kaka yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa. Bibi kamsimulia jirani yetu, Mwalimu Rukia, aliyefundisha Kiingereza shuleni Wete mpaka akastaafu. Kesho anakuja tuitazame tena. Bibi kajisifu: "Mjukuu wangu atatufasiria. Kiingereza kwake maji."

 Mwalimu akinicheka, anicheke. Naogopa uso wa Bibi akijua.

Jumamosi, 9 Agosti

Wakili alipofika kwenye neno lile nikaisimamisha filamu.   Nikasema nilikosea, si kaka yake, ni mtoto wa ami yake, baba zao ndugu. Nikasema na mengine mengi nilizua.

Mwalimu akatazama mkeka.  Nilitaka kufa.

"Mtoto wa ami," Bibi akasema. "Si ungesema. Ndo maana kaongopa. Ampenda yule."

Akacheka mpaka machozi. "Babu yako n'nani kwangu? Mtoto wa ami yangu. Nilimwita kaka mpaka siku ya harusi."

Nikamuuliza kuhusu kuzua. Hakasiriki?

"Nilijua zamani. Wale wasema dakika nzima, weye wanipa maneno matatu."

"Muache, Bi Asha," Mwalimu akasema. "Na mie darasani nilikuwa nikizua."

Jumapili, 10 Agosti

Leo hatukutazama kitu. Tulimenya muhogo. Bibi kaniambia jina alilompa Babu walipokwisha kuoana, maana kaka haikufaa tena. Kalisema polepole, kama anajaribu iwapo bado lipo. Sitaliandika.

Nasikia ndara zake zinakuja. Mkono umekwenda wenyewe kufunika ukurasa. Nimeuondoa. Akiniuliza naandika nini, nitamsomea.