Mkono wa Kulia wa Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Najua jibu halitakuja, lakini mtoto uliyemfunza adabu kwa kumfinya sikio hawezi kuanza kusema na mzazi wake bila shikamoo, hata kama mzazi amekwisha kuzikwa.

Khabari ya kifo chako nimeipata juzi, huku Ulaya kwa Wadachi, kwa mtu wa Kilwa anayefua nguo melini. Alichonisimulia nitakuambia, ila si sasa. Kwanza niache nizungumze nawe kama zamani, maana tangu juzi sijasema na mtu, na kazi yangu mimi ni kusema.

Kazi yenyewe unaijua: nawafundisha Kiswahili vijana wa Kidachi watakaokuja huko kututawala. Ulipoisikia mara ya kwanza uliniambia, "Alhamdulillahi, sasa wakitutukana tutaelewa." Wenzangu walidhani nafuata mshahara. Wewe ulijua nafuata dawa ya mkono wako wa kulia, uliokuwa ukining'inia ubavuni kama mkono wa kanzu isiyo na mtu.

Kwetu tulikuwa tumekwisha kujaribu. Daktari mmoja wa Kidachi alikuchoma sindano kiganjani, hukushtuka. Akaubonyeza, akaugeuza, akasema mfupa ni mzima na mishipa ni mizima, mama huyu anajisingizia. Ukaniambia kwa Kimwera nimwombe akuazime mkono wake yeye, ukasongee ugali. Sikumtafsiria. Tukakupeleka kwa fundi wa pepo, ukapungwa, ubani ukachomwa, ngoma zikapigwa, na hakuna pepo aliyejitaja jina. Ndipo niliposikia kwamba Ulaya kumezuka elimu mpya, elimu ya nafsi. Nikasema, basi huko ndiko.

Nilipofika nikawatafuta wenye elimu hiyo. Wana nyumba iliyojaa vyombo vya shaba. Wazee wao wa kwanza waliamua kuipima nafsi kwa saa: taa inawaka, wewe unabonyeza kidude, nao wanasoma muda uliopita kati ya jicho kuona na kidole kutii. Nilikaa pembeni nikiwatazama, nikawaza, haya, na mkono usiotii kabisa mtaupimaje?

Mwingine alijitesa miaka akikariri silabi zisizo na maana yoyote, apate kujua jinsi anavyozisahau. Akaona kwamba mtu husahau mengi siku za mwanzo, kisha yale machache yaliyobaki hung'ang'ania. Huyo nilimsadiki. Sura ya kaka Selemani imekwisha kunipotea mimi. Sikumbuki pua yake wala meno yake. Lakini mgongo wake ninao.

Unajua ni mgongo wa siku ipi. Tulikuwa Rutamba, wewe unatwanga uani. Kaka alirudi na kibuyu kidogo cha ile dawa ya vita, mabua ya mtama amejifunga kichwani. Alikuwa amekwisha kunywa, amekwisha kujipaka usoni na kifuani, na alisema risasi za Wadachi hazitamwingia. Hukumwambia ndiyo, hukumwambia siyo. Akakugeuzia mgongo, akachuchumaa.

"Mama, nipake huku nyuma. Sifiki."

Ukaulaza mchi, ukajifuta kiganja kwenye nguo, ukampaka. Ulimpaka polepole, kama unavyompaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha, na pale katikati ya mabega ukarudia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulipoinua macho ukaniona.

Jirani aliyeleta khabari ya kifo chake hakuwa na ubaya moyoni. Aliulizwa tu ilimpata wapi, naye akajibu, "Risasi ilimpata mgongoni."

Hukulia. Siku zile kumlilia aliyepigana na serikali kulikuwa kujitafutia kamba, na maiti hatukuwa nayo, tutaweka matanga ya nani. Kesho yake ulishika mwiko, ukakuponyoka. Ukainama kuuokota, vidole havikufunga. Kisha ikaja njaa, watu wakaingia porini kutafuta ming'oko, nawe ukaichimba kwa mkono wa kushoto, hunung'uniki. Tulipohamia Lindi mjini, kila tarumbeta ya askari ilipolia bomani ulikuwa unasimama katikati ya njia, jasho linakutiririka. Huku nimesikia khabari za Mrusi aliyemzoesha mbwa hata akawa anadondokwa na mate kwa kusikia mlio tu, chakula hakipo. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Yuko pia bingwa wa Marekani anayesema kinyume cha watu wote: eti hatulii kwa sababu tuna huzuni, tuna huzuni kwa sababu tunalia. Mwili hutangulia, moyo hufuata. Nilikuandikia hayo ili ucheke. Jibu lako ulimwandikisha mwalimu wa chuo cha Kurani, nalo lilikuwa fupi: "Basi mwanangu, mimi sijahuzunika bado." Siku hiyo sikula.

Aliyenipa matumaini ni daktari wa mji wa Vienna. Ana wagonjwa kama wewe, kiungo kizima lakini hakitii, na hawachomi sindano. Anawalaza kwenye kochi, anakaa nyuma yao wasimwone uso, anawaacha waseme. Kwa maneno yake, jambo lisilosemeka kinywani hushuka likajificha kiungoni, na likisemwa lote, kiungo hufunguka. Wakubwa wa hapa wanamkejeli. Mimi sikuwa na nafasi ya kumkejeli mtu. Nilikwisha kupanga: nitarudi, nitakaa nyuma yako unapochambua mchele, nikuambie, mama, sema mkono ulifanya nini siku ile. Ungenifinya sikio, najua. Lakini ungesema, nami ningekujibu kwamba hukumuua wewe, ulimpaka tu mwanao alipokuomba.

Profesa wa ile nyumba ya vyombo naye alinijaribu, mwezi uliopita, kwa mtindo wa daktari mmoja wa Uswisi. Anasoma neno, unajibu la kwanza linalokujia, na saa inahesabu. Pale unapokwama, wanasema, ndipo penye kidonda. Maneno nilikuwa nimeyageuza kwa Kiswahili mimi mwenyewe, kwa hiyo nilijiona mjanja. Akasema mti, nikajibu kivuli. Akasema chumvi, nikajibu bahari. Akasema mkono.

"Jibu, Bwana Issa."

Niliutazama mshale wa saa ukizunguka mpaka akachoka, akaandika kitu, akaendelea na neno jingine.

Sasa nikuambie ya huyu mtu wa Kilwa. Aliyekuuguza siku za mwisho ni shangazi yake, naye ndiye aliyemsimulia. Tulikaa mkahawani, chai mbele yetu, akasema, "Mama yako aliwashangaza watu. Homa ilipomzidi, ule mkono uliokufa uliamka."

"Uliamkaje?"

Akanionyesha juu ya meza. Kiganja wazi, kinazunguka polepole, kinasogea, kinarudi palepale.

"Hivi tu," akasema. "Wengine walidhani anatafuta shuka, shangazi akamfunika, yeye akaitupa. Wengine wakasema anafukuza nzi. Uliendelea hivyo mpaka adhuhuri, ndipo ukatulia. Wewe unadhani alikuwa anataka nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamsindikiza stesheni, nikamshukuru kwa kubeba khabari mbali namna hiyo.

Hapa wapo watu ambao wangeuandikia kitabu kizima mkono huo. Hawataupata kwangu. Elimu yao nimeitafuta kwa ajili yako, nimeipata nusu, na wewe hukuningoja. Nina hasira nawe kidogo kwa hilo, mama, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Tangu juzi nalia. Kama yule wa Marekani alisema kweli, basi huzuni yangu ndiyo kwanza inaanza.

Mola akulaze pema, wewe na kaka. Ukikutana naye, mkono usiuharakishe. Mpake mpaka uridhike.

Ni mimi,
mwanao uliyemwona mlangoni.