Gazeti Lililomtaja Babu

Mwanangu Zuhura,

Mimi na baba yako hatujambo huku Guangzhou. Marobota ya viatu tumeshayafunga, yanakwenda bandarini Nansha. Bibi ndiye atakayekusomea haya.

Uliniuliza kwenye simu kama nimekusahau. Jibu langu ni barua hii.

Nilipojua kusoma, babu yangu alinipa gazeti chakavu la vita vya Burma. Askari weusi walitengewa kambi yao, na gazeti la wazungu halikuwataja, basi wakachapa lao kwa Kiswahili. Babu, askari mwenzao, hakujua kusoma, kazi yake kuzungusha mashine ya kuchapia. Likishatoka, mmoja anawasomea majina na salamu, na anayetajwa anaitika.

Basi nikisoma jina lake, babu anaruka kitini: "Nipo!"

"Babu, si nakuona hapa?"

"Wewe soma tena, usinipunje!"

Mwanangu, kila robota nimeliandika jina lako. Hata wafungaji mizigo Wachina wa soko la Zhanxi wakiniona tu wanapiga kelele, "Zuhula! Zuhula!" Nacheka, halafu natamani ungekuwepo uitike.

Bibi, tafadhali, hapa pandisha sauti:

Zuhura!

Itika, mwanangu. Itika kwa nguvu, mama yako yuko mbali.