Sumaku Sita Kwenye Kopo la Misumari

Ndugu yangu, uko peke yako? Hii usimsomee shemeji.

Leo nimeaibika karakanani. Mama mmoja mjane alileta gitaa la umeme la marehemu mumewe, sauti imefifia. Nikapima zile sumaku zilizo chini ya nyuzi kwa kipimo changu kipya cha nguvu ya sumaku. Namba ikagoma kwenye sifuri.

Nikamwambia, tena kwa sauti ya mwalimu, "Mama, sumaku zimekufa. Nazing'oa." Akaanza kulia.

Kisha akachukua kile kijitabu cha kipimo mezani. "Fundi, mbona hiyo ncha umeisimamisha kwa ubavu? Kwenye picha imelazwa bapa."

Nikailaza. Namba ikaruka hadi elfu moja. Elfu moja! Kumbe kilichofifisha sauti ni waya tu wa gitaa uliolegea.

Hakunicheka. Heri angenicheka. Na mimi ndiye niliyejigamba kwako kuwa kijitabu nimekisoma kurasa zote!

Sasa lililonikaa kooni. Gitaa lako mwezi uliopita nililipima hivyo hivyo, kwa ubavu.

Nimefungua kopo la misumari nilimozitupa sumaku zako. Misumari yote imezing'ang'ania. Hata kipimo hakikuhitajika.

Nisamehe. Lilete gitaa, nizirudishe.